Zamu ya Kazini na Zamu ya Nyumbani



Tarehe 21 Septemba ya kila mwaka ni siku iliyotengwa duniani kwa ajili ya kuukumbuka ugonjwa wa Alzheimer na magonjwa mengine ya jamii yake, yale yanayomwondolea mtu kumbukumbu na akili yake kidogo kidogo. Katika makambi na vituo vya polisi siku hiyo aghalabu hupita bila kutajwa, kwa kuwa wengi hudhani kwamba maradhi hayo ni ya wazee wa Ulaya na Marekani. Dhana hiyo si kweli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na maradhi hayo, na kwamba zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama hizi zetu. Kila mwaka karibu watu milioni 10 wengine huongezeka.

Mazungumzo haya hayamhusu mgonjwa peke yake. Yanamhusu hasa yule anayevaa sare asubuhi kwenda kulitumikia taifa kwa mshahara, kisha akirudi jioni huivua na kuwa mwuguzi wa mke wake, au wa mume wake. Mtu huyo ana zamu mbili. Ya kwanza imeandikwa katika kitabu cha kituo na ina mwisho wake. Ya pili haikuandikwa popote, na hakuna anayekuja kumpokea.

Kwanza yafaa ifahamike ugonjwa wenyewe ni nini. Waganga huuita demensia. Si ugonjwa mmoja, bali ni jina la jumla la hali ambayo ubongo huharibika polepole, na mtu akapungukiwa na kumbukumbu, na uwezo wa kufikiri, wa kusema, wa kutambua mahali alipo na saa iliyopo. Mara nyingi hata tabia hugeuka. Ule wa Alzheimer ndio wa kawaida zaidi, nao huchukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Mwingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo, hasa kwa watu waliopata kiharusi au walioishi na shinikizo la damu bila ya kulitibu.

Kusahau kwa kawaida si ugonjwa huu. Mzee aliyesahau jina la mgeni mchana akalikumbuka jioni hana haja ya kuogopa. Lakini mama aliyemenya na kupika matoke kwa miaka thelathini, kisha siku moja akasimama mbele ya jiko asijue aanze na lipi, huyo yafaa apelekwe hospitali. Wala uzee siyo sharti. Mwaka 1901 mwanamke mmoja Mjerumani mwenye umri wa miaka 51, Auguste Deter, alipelekwa hospitalini mjini Frankfurt kwa sababu mume wake, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alikuwa hamwezi tena. Daktari aliyempokea alikuwa Alois Alzheimer. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, daktari huyo aliuchunguza ubongo wake, na mwaka huohuo akawaeleza madaktari wenzake mambo aliyoyaona. Ndipo ugonjwa ukaja kuitwa kwa jina lake. Tangu mwanzo, basi, historia ya ugonjwa huu inaye mume mwenye kazi ya mshahara, na mke ambaye haiwezekani tena kumwacha nyumbani peke yake.

Na uchukuliwe mfano wa sajini wa polisi mwenye umri wa miaka 52. Mwaka wa kwanza mke wake, ambaye huuza vitambaa sokoni, anaanza kukosea chenji. Sajini anadhani ni uzembe, naye anamkaripia. Mwaka wa pili mke anaacha sufuria motoni mpaka inaungua, na jioni anauliza swali lilelile mara kumi. Mwaka wa tatu anaamka saa nane ya usiku, anajitanda kitenge chake, anataka kwenda kwao, kwa mama yake mzazi aliyekwisha kufa miaka ishirini iliyopita. Sajini anamrudisha kitandani mara tatu, na saa kumi na mbili ya asubuhi yeye mwenyewe yuko kwenye gwaride.

Kazini hasemi kitu. Akichelewa anasingizia malaria, au gari lililoharibika njiani. Majirani wananong'ona kwamba mke wake amerogwa, naye hataki minong'ono hiyo ifike kituoni. Hatimaye, siku anapopangiwa zamu ya usiku na hakuna mtu wa kukaa nyumbani, anamfungia mke wake ndani kwa kufuli na kuondoka na ufunguo. Moto ukizuka, mama huyo hana wa kumtoa. Sajini huyu si mtu katili. Amekosa msaada, na amekosa kuuomba. Askari wa namna yake ni wengi kuliko wanavyojulikana, maana kila mmoja hudhani kwamba ni yeye peke yake.

Je, sheria zinamsaidia nini mtu wa namna hiyo? Hapo ndipo panapofaa kuzitazama nchi za jirani, kwa kuwa zimefuata njia mbalimbali.

Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilimpa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya utumishi, yaani siku 21 kwa mwaka. Ilimpa pia malipo anapougua yeye mwenyewe, na ilimpa mume siku 4 mke wake anapojifungua. Haikuweka siku maalumu za kumwuguza mke au mume. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2007, ilifuata njia iyo hiyo: likizo ya mwaka, ya uzazi na ya ugonjwa wa mfanyakazi mwenyewe.

Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 ilikwenda hatua moja mbele. Ilitaja siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa mfanyakazi ambaye mtoto wake ameugua au amefariki. Lakini kwa mke au mume, sheria hiyo ilivyotungwa, siku hizo zilitajwa kwa ajili ya kifo tu. Maana yake ni kwamba mume alipewa siku za kumzika mke wake, hakutajiwa siku za kumwuguza.

Zambia ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2019 ilisema wazi kwamba mfanyakazi aliyetumikia miezi 6 au zaidi apewe likizo yenye malipo isiyozidi siku 7 kwa mwaka ili kumwuguza mke au mume, mtoto au mtegemezi, na kwamba mwajiri aweza kudai hati ya daktari. Juu ya hizo iliongeza siku 3 kwa mwaka kwa mambo ya malezi, afya na elimu ya jamaa hao. Huo ni mfano mwema, nao unapatana na Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, ambao ulitamka kwamba majukumu ya kifamilia, kwa yenyewe, si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi.

Walakini hata sheria ya Zambia, ukijumlisha siku zake zote, inatoa siku 10. Siku 10 zinatosha kumwuguza mtu mwenye homa ya mapafu mpaka akapona. Demensia hudumu miaka, na kila mwaka unaokuja ni mzito kuliko uliopita. Hakuna sheria ya likizo iwezayo kuufikisha ugonjwa huo mwisho wake. Tena kuna jambo la pili linalowahusu wasikilizaji wa mazungumzo haya hasa. Sheria hizo za kazi za Uganda, Kenya na Tanzania Bara haziwahusu wanajeshi. Na zile za Kenya na Tanzania Bara zinawaacha nje polisi pia. Mtu wa vyombo vya ulinzi huishi chini ya kanuni za jeshi lake na amri ya mkuu wake. Kwa hiyo kwa askari, sikio la afande wake lina uzito kuliko kifungu chochote cha sheria ya kazi.

Kutokana na hayo, jambo la kwanza kwa askari aliyepatwa na msiba huu ni kusema mapema. Asingojee mpaka aandikiwe kosa. Kabla ya kusema, ampeleke mgonjwa hospitali, maana si kila anayepoteza kumbukumbu ana ugonjwa usio na tiba. Upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi la shingoni, kaswende iliyofika ubongoni, virusi vya UKIMWI, huzuni kubwa, na hata baadhi ya dawa, vyote vyaweza kumfanya mtu aonekane kana kwamba ana demensia. Na mengi kati ya hayo hutibika. Hospitali ya Butabika mjini Kampala na hospitali za rufaa za mikoani zina wataalamu wa magonjwa ya akili. Kumpeleka mgonjwa huko si fedheha, na ni bora mara mia kuliko kumaliza mshahara kwa mganga anayemtafuta mchawi.

Akiwa na barua ya daktari mkononi, askari na amwone mkuu wake, amweleze hali ilivyo, na aombe mambo yanayowezekana. Mkuu hawezi kumwondolea kazi. Aweza kumbadilishia zamu ili alale nyumbani usiku. Hawezi kumpa likizo ya mwaka mzima. Aweza kumruhusu azigawe siku zake za likizo vipande vipande, badala ya kuzichukua zote kwa mara moja. Hawezi kumwahidi kwamba hatahamishwa kamwe. Aweza kuandika katika jalada lake kwamba kumpeleka Moroto, au kumtuma nje ya nchi kama askari wa Uganda walivyoanza kutumwa Somalia mwaka 2007, kunahitaji kwanza ijulikane nani atakayebaki na mgonjwa. Ombi lililo wazi hujibiwa kwa urahisi kuliko malalamiko ya jumla.

Jambo la pili ni kuigawa zamu ya nyumbani. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwamba jamaa za wagonjwa hawa hutumia kwa wastani muda wa saa 5 kila siku katika kuwatunza, na kwamba asilimia 70 ya muda huo hutolewa na wanawake. Muda wa saa 5 juu ya siku nzima ya kazi ni mzigo ambao mtu mmoja hawezi kuubeba miaka mingi bila ya kuanguka. Kwa hiyo na kiitwe kikao cha ukoo, wa upande wa mume na wa upande wa mke, na mgonjwa mwenyewe awepo maadamu bado anaelewa. Kikao kisiishie kwenye pole. Kila mtu atajiwe siku yake: dada wa mgonjwa Jumatatu na Jumanne, kijana mkubwa Jumamosi, na aliye mbali asiyeweza kuja na atoe fedha ya kumlipa msaidizi. Jambo moja lisikubaliwe, nalo ni kumtoa binti shuleni ili amlinde mama yake. Deni hilo litalipwa na binti huyo maisha yake yote.

Yafaa kusema neno pia juu ya askari mwanamke ambaye mume wake ndiye mgonjwa. Mwanamume akimtunza mke wake, majirani humsifu. Mwanamke akimtunza mume wake, huonekana anatimiza wajibu tu, wala hakuna anayemwuliza kama amelala. Mume huyo aweza kuwa naye ni askari mstaafu, mwenye sauti ya amri na nguvu za mwili, asiyekubali kuongozwa kuoga wala kula. Mzigo wa mwanamke huyo si mwepesi kuliko wa sajini, na ombi lake kwa mkuu wa kituo linastahili kusikilizwa vilevile.

Jambo la tatu ni utaratibu wa nyumba. Mgonjwa wa demensia hutulia zaidi siku zake zikifanana: kuamka, kuoga, kula na kulala kwa saa zilezile. Anapouliza jambo lilelile mara ya kumi, ajibiwe kwa upole kama ndiyo mara ya kwanza. Kumwambia kwamba amekwisha kuuliza hakumrudishii kumbukumbu, bali humtia huzuni au hasira. Anapotaka kwenda kwa mama yake aliyefariki, hakuna faida ya kubishana naye kila usiku juu ya kifo hicho. Yafaa aulizwe habari za mama yake, aachwe aseme, kisha aongozwe polepole kwenye jambo jingine. Dawa, mafuta ya taa na visu vitunzwe mahali asipofika. Katika nguo yake kishonwe kitambaa chenye jina lake na namba ya simu ya jamaa. Mambo ya shamba, ya akiba na ya watoto yaandikwe mapema mbele ya mashahidi, wakati mgonjwa bado aweza kusema analolitaka.

Na silaha isilale katika nyumba hiyo. Mgonjwa wa namna hii aweza kuamka usiku asimtambue mume wake, akamdhani ni mwizi aliyeingia. Askari ambaye kazi yake humlazimu kuwa na bunduki na airudishe ghalani kila amalizapo zamu, na kama utaratibu wa kazi hauruhusu, amweleze mkuu wake sababu waziwazi.

Kwa upande wa wakuu, jambo hili lisichukuliwe kuwa ni huruma tu. Madaktari wamepima na kuona kwamba mtu aliyekesha muda wa saa 17 hadi 19 mfululizo hutenda mambo yake kwa uzito kama mtu aliyekwisha kunywa pombe. Hakuna kamanda atakayemkabidhi mlevi bunduki au gari la doria. Lakini yule aliyekesha na mgonjwa usiku wa tano mfululizo hukabidhiwa, kwa sababu hanuki pombe na hakusema kitu. Mkuu anayewatazama watu wake kwa makini, akaona kwamba askari mwema wa miaka mingi ameanza kuchelewa na kusinzia, na amwite faraghani amwulize habari za nyumbani kabla ya kumwandikia kosa.

Polisi wana wajibu mmoja zaidi. Wao ndio watakaokutana barabarani usiku na mzee au mama anayetembea bila viatu, asiyejua jina la mtaa wake. Si kila mtu wa namna hiyo amelewa, wala si kila mmoja ni mwizi au mchawi. Askari wa doria na amsogelee kutoka mbele, si kutoka nyuma. Aseme naye taratibu, swali moja kwa wakati mmoja. Amwamkie kwa heshima ya mzazi. Atazame kama ana kitambaa cha jina. Ampe maji, na amketishe mahali salama pasipo kumweka mahabusu pamoja na wahalifu. Kundi la watu likianza kupiga kelele za uchawi, hapo mkono wa sheria na usimame kati yake na kundi hilo. Mara nyingi mume wa mama huyo, naye ni mtu wa kazi, yuko njiani anamtafuta.

Yapo pia ya kujikinga. Kamati ya wataalamu iliyoandika katika jarida la udaktari la Lancet mwaka 2024 ilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya ugonjwa huu duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama sababu zinazojulikana zingeondolewa. Miongoni mwa sababu hizo ni shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, pombe nyingi, kupigwa kichwani, na uziwi usiotibiwa. Askari anayeishi karibu na milipuko na risasi ana sababu ya kulinda kichwa chake na masikio yake, na ya kupima damu yake kila mwaka.

Ndugu wasikilizaji, sheria za nchi zetu zinaweza kuongezwa, na mfano wa Zambia waonyesha kwamba bunge likitaka, mke na mume mgonjwa huandikwa ndani yake. Lakini mke wa sajini ataamka tena usiku huu, saa nane, atajitanda kitenge chake na kutaka kwenda kwao. Hakuna kamanda amwekaye mlinzi mmoja langoni mwaka mzima bila ya mtu wa kumpokea. Na akifanya hivyo, lango likivamiwa, halaumiwi mlinzi. Sajini naye anahitaji mtu wa kumpokea. Huyo ni ndugu wa ukoo atakayeshika siku yake bila ya kukumbushwa, ni jirani atakayeacha kunong'ona akabisha hodi, na ni afande atakayesikiliza. Lakini kwanza ni sajini mwenyewe, atakapokwenda ofisini kwa mkuu wake kesho asubuhi, apige saluti, na aseme ukweli.